Kilo Mia Sita

Kiwanda chetu kinatengeneza sabuni, na kila mwaka, siku ya michezo ya wafanyakazi, idara zinashindana kuvuta kamba. Usicheke. Watu wazima wenye wajukuu wamewahi kununiana mwaka mzima kwa sababu ya kamba hiyo. Idara inayoshindwa fainali inawafulia washindi maovaroli kwa mwezi mzima, kwa mikono, hapo nje ya kantini ambapo kila mtu anapita. Sabuni inatolewa bure, kwa hiyo hakuna kisingizio.

Zamani kila idara ilileta watu sita, basi. Mpaka mwaka ambao madereva walikuja na wapakizi sita ambao hakuna aliyewahi kuwaona kazini, kila mmoja kama kabati la nguo, wakatukokota uwanja mzima. Zogo lake halikuwa dogo. Meneja wa wakati huo akaweka sheria mpya: timu nzima ipande kwa pamoja kwenye mizani ya mapipa, ile pana iliyo sawa na sakafu, na mshale usipite kilo mia sita. Idadi ya watu ni shauri lenu. Leteni watano, leteni kumi, mradi mshale usipite hapo.

Sisi wa ghala tulikuwa sita, na wa sita nilikuwa mimi. Wenzangu watano kwa pamoja walifika kilo mia nne na thelathini hivi. Zilizobaki zote nilizijaza peke yangu, na mwaka mmoja ilibidi nivue viatu ili mshale urudi kwenye adabu. Ndiyo maana wakaniita Nanga. Nanga ni mtu wa mwisho kwenye kamba, yule anayejizungushia kamba kiunoni na kukaa. Nasema kukaa kwa sababu kweli ndiyo kazi niliyoifanya. Wenzangu walivuta, mimi nilikuwa mzito tu. Lakini tulishinda, tena miaka mfululizo, na nilipoingia kantini watu waliita "Nanga!" nami nikapita katikati ya meza kama bwana harusi.

Kwa nyuma kulikuwa na mengine. Sukari ilikuwa juu, presha juu, magoti yanalia kama mlango usiotiwa mafuta. Tunakaa ghorofa ya tatu, na kila jioni nilipumzika kila ngazi chache nikijifanya natafuta funguo mfukoni. Na usingizini pumzi zangu zilikatika. Mke wangu alikuwa akinipiga kiwiko nivute hewa, ananipiga tena, ananisikiliza, mpaka kunapambazuka, kisha tunakuja kazini pamoja, maana yeye anafunga makatoni kwa utepe hapo hapo ghalani. Macho yake yalikuwa mekundu kila siku. Wenzetu wakatania eti ndoa yetu bado mbichi. Yeye alicheka, na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Daktari ndiye aliyenitoa kwenye kicheko.

"Una wajukuu?" aliniuliza.

"Bado."

"Unataka kuwaona?"

Nikakubali kupasuliwa. Walikata sehemu kubwa ya tumbo langu la chakula, wakaniachia kipande chembamba chenye umbo la ndizi. Daktari alinionyesha kwa kidole jinsi kilivyo, nikamwambia nimewahi kumeza vitu vikubwa kuliko hicho.

Nilirudi nyumbani na plasta tumboni, vidonge vya vitamini kwenye mfuko, na masharti kichwani. Masharti nilipewa na mtaalamu wa lishe, binti mwenye sauti ya upole na moyo wa chuma. Kwanza vya kunywa tu. Kisha vya kupondwa. Baadaye, ukijaliwa, vya kutafuna, na utafune mpaka kisibaki cha kutafuna. Usinywe maji pamoja na chakula. Anza na yai, samaki au maharage, na wali ukikosa nafasi basi umekosa. Na sukari kaa nayo mbali.

"Ukinywa kitu kitamu sana kitateremka kwa kasi kwenye utumbo," alisema, "na utajuta, baba yangu."

Nikamwambia mimi si mtoto.

Mke wangu akatoa kabatini sahani ya plastiki yenye picha ya bata, iliyokuwa ya kitinda mimba wetu ambaye siku hizi ana ndevu. Akanipa na kijiko cha chai. Mlo wangu wa kwanza wa kutafuna ulikuwa nusu yai. Nililitazama lile nusu yai, nalo likanitazama. Mimi, mtu niliyekuwa nakula mayai sita wakati nasubiri kifungua kinywa! Nikala vijiko viwili, tumbo likasema basi. Nikala cha tatu kwa ubishi, nikakimbilia chooni. Tangu siku hiyo tumbo likisema basi, naweka kijiko chini bila mjadala.

Watu wanadhani ukipasuliwa kazi imekwisha. Kumbe kinachokatwa ni tumbo, kichwa wanakurudishia kama kilivyokuwa. Nilikuwa sina njaa na bado nakitamani chakula. Nilizoea kula nikigombana na mtu, kula nikifurahi, kula mvua ikinyesha. Jioni moja nilikaa mbele ya yule bata wa plastiki nikalia kwa sauti, mwanamume mzima. Mke wangu hakuniambia nijikaze. Alivuta kiti, akachukua kijiko cha chai kama changu, akala chakula chake chote kwa kijiko hicho, taratibu, mpaka kikapoa kabisa, ili tumalize pamoja. Amefanya hivyo mpaka leo. Sijui kama kuna mke mwingine duniani anayeshukuriwa kwa kula chakula kilichopoa, lakini mimi namshukuru, na nitaendelea kumshukuru.

Kilo zikaanza kuondoka. Ovaroli likaning'inia. Nywele zikapukutika, zikarudi. Ngozi ya mikono na tumbo ikabaki imelegea kama shati la kuazima, na mimi niliyekuwa natokwa jasho kwenye baridi nikaanza kutembea na sweta. Kantini hawakuita tena "Nanga!" Walinong'ona kunihusu. Wengine walimvuta mke wangu pembeni wakampa pole, wakamuuliza kama nimeshaandika wosia. Kwetu mtu akinenepa anasifiwa, akikonda anaombewa dua.

Mama yangu mzazi alisafiri kuja kujionea. Pale mlangoni chini ya jengo alinishika mashavu, machozi yakamlengalenga.

"Mimi nilizaa kinono," alisema. "Hiki ni nini? Mwanangu, wanakunyima chakula?"

Nilichukua begi lake, ambalo kwa uzito wake nadhani alikuwa amebeba jiko, nikapanda nalo. Nilifika ghorofa ya pili nikageuka. Mama alikuwa ameshika ukuta, anahema. Nikamsubiri. Hapo tu ndipo nilipogundua kwamba mimi sihemi. Na yeye akagundua wakati huo huo. Alinitazama kutoka chini mpaka juu.

"Basi waendelee kukunyima," alisema.

Mazoezi nayo nilianza kwa aibu. Daktari alisema tembea, nikatembea mpaka geti la kiwanda na kurudi, wakati wa mapumziko ya mchana. Baadaye nikauzunguka ukuta wote. Mke wangu alikuja nami, amevaa kofia ya kazini, ananisimulia umbea wa idara nzima ili nisijisikilize magoti. Miezi ilivyosogea tukaanza kwenda haraka, na umbea ukawa unaisha kabla ya ukuta. Nikaanza kuchuchumaa na kusimama, kwanza nimeshika kiti, kisha bila kiti, kisha nimekumbatia dumu la maji. Daktari alinipima mara kwa mara. Kidonda kimefunga, alisema, kazi nzito ruksa. Dawa za sukari akaziondoa moja baada ya nyingine.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni asubuhi moja ya mapumziko. Niliamka, jua limeshaingia chumbani. Nikageuka, nikamkuta mke wangu amelala fofofo, mdomo wazi, anakoroma yeye. Hakunipiga kiwiko hata kimoja usiku ule. Nililala pale nikimsikiliza, nikamshukuru Mungu, nikamshukuru daktari, nikamshukuru na yule binti wa lishe. Ningekuwa na namba ya simu ya aliyekinoa kisu, ningempigia.

Haya, siku ya michezo ikakaribia.

Msimamizi wetu wa ghala tunamwita Dakika Moja, kwa sababu hakuna jambo analoona linahitaji zaidi ya hapo. Ni mtu mzuri, tatizo lake ni kamba. Alinikuta napanga makatoni, akazunguka nyuma yangu, akarudi mbele, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Ndugu yangu, unapepea," alisema. "Sasa una kilo ngapi?"

"Mia na tano."

Akashika kichwa. "Kilo sitini na tano umezipeleka wapi?"

"Muulize daktari."

"Sikiliza. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, na pabovu petu mwaka huu ni mkiani. Huwezi kurudisha kidogo? Hata nusu. Dakika moja tu, michezo ikiisha unapunguza tena."

Nilicheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Aliniambia kuna mpakizi mpya, mtu mkubwa mpole ambaye kila mtu alishaanza kumwita Kontena. Kama sitarudisha kilo, Kontena atakuwa nanga, na mimi nitasaidia kubeba ndoo ya maji.

"Hakuna ubaya," aliongeza. "Shemeji ataifurahia kampani yako. Miaka yote anaibeba ndoo hiyo peke yake."

Nitasema ukweli, neno hilo lilinichoma kuliko kisu cha daktari. Pale kiwandani sina cheo. Sijawahi kuwa msimamizi, sijawahi kupigwa picha ya mfanyakazi bora. Nilichokuwa nacho ni ule mkia wa kamba. Nikikosa kuishika kamba mwaka ule, nilijua sitaishika tena, na nitakuwa mzee fulani wa ghalani aliyewahi kuwa Nanga. Usoni nilitabasamu nikasema sawa, bwana. Moyoni maji yalinifika shingoni.

Nikafanya ujinga ambao nadhani hakuna aliyepasuliwa amewahi kuufanya kwa sababu kama hiyo. Nilinunua makopo ya maziwa mazito yenye sukari, nikajificha nyuma ya rundo la makatoni ya sabuni ya kufulia, nikatoboa moja na kulinywa. Nilijiambia nitarudisha kilo kadhaa tu. Zilikuwa zangu, nilizibeba miaka mingi, hazitashindwa kunijua.

Kopo halikufika nusu. Moyo ukaanza kukimbia. Jasho likanitoka mpaka kwenye viganja, tumbo likanikata, dunia ikazunguka nikashikilia katoni, nalo katoni likaja nami chini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi mkuu wangu alikuwa binti mwenye umri wa wanangu. Nilikuwa nimelala sakafuni kati ya miche ya sabuni, nikisubiri kufa, nikanusa harufu ya limau ile ya kiwandani, nikaona viatu vya mke wangu.

Aliokota kopo. Akalisoma, kana kwamba hakujua ni la nini. Akaninyanyua kichwa akakiweka mapajani mwake, akanifuta jasho kwa kofia yake, na akakaa nami mpaka moyo wangu uliporudi kwenye mwendo wake.

Ya moyoni aliyasema tulipofika nyumbani.

"Unataka kurudi kule?" aliuliza. Alikuwa amesimama, hajavua hata viatu. "Niambie, nijiandae. Niambie kama unataka nianze tena kukesha nikihesabu kama utavuta pumzi nyingine."

"Sitaki."

"Sasa maziwa ya nini?"

Nikamweleza habari ya Dakika Moja, Kontena na ndoo. Nikamwambia bila zile kilo mimi pale si mtu. Niliposema hivyo nilitazama sahani ya bata maana sikuweza kumtazama yeye.

Mke wangu alivuta kiti. Aliponijibu alikuwa ametulia, jambo ambalo kwake ni la hatari kuliko kelele.

"Sheria inasema nini? Timu isizidi kilo mia sita. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Wewe umepungua kilo sitini na tano. Kwa hiyo pale kwenye mizani kuna nafasi. Nyie wanaume mnatafuta namna ya kuijaza kwa maziwa ya kopo. Hakuna aliyefikiria kuijaza kwa mtu?"

"Mtu gani mwenye kilo kama hizo? Ghalani hakuna mwanamume mwepesi hivyo, labda..."

Alikuwa ananitazama.

"Miaka yote nimebeba ndoo," alisema. "Nimepiga kelele mpaka koo likakauka. Kuna siku hata moja uliniuliza kama na mimi nataka kuvuta?"

Sikuwahi. Nilimwambia lakini Dakika Moja atasema mwanamke hawezi. Akasema sheria imetaja kilo, haijataja suruali, na isitoshe suruali anayo.

Kuanzia kesho yake tulifunga kamba kwenye nguzo ya zege uani, tukawa tunavuta kila jioni kabla ya chakula. Majirani walidhani tunataka kuangusha jengo. Na hapo nikajifunza jambo la aibu: nilikuwa nanga miaka yote bila kujua kuvuta. Mke wangu, aliyekaa pembeni ya uwanja na ndoo yake, alikuwa ameona kila kitu. Chimba kisigino, alisema. Usivute kwa mikono, vuta kwa mapaja. Pumua, usibane pumzi. Wakibana pumzi wote, watakaochoka kwanza ni wale wazito. Nilimuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Akasema kwani nani alimuuliza Shemeji wa maji?

Siku ya michezo tulifika tumevaa maovaroli wote wawili. Mwamuzi alikuwa mpishi mkuu wa kantini, mama asiyependelea mtu hata kwenye kupakua. Wapishi wa sabuni, idara tuliyopangiwa kuvutana nayo fainali, walipima wakapita. Tukaitwa sisi. Dakika Moja akapanda na wale wengine wanne, kisha Kontena akapanda. Mizani ikashuka kwa kishindo. Mshale ukafika mia sita, ukapita, ukaendelea kana kwamba una safari.

"Ulisema una kilo mia na hamsini!" Dakika Moja alifoka.

"Ndiyo, nilipopimwa mara ya mwisho," alijibu Kontena kwa upole. "Zamani kidogo."

Wakavua viatu. Wakavua mikanda. Dereva wa foko, ile mashine yetu ya kunyanyulia mizigo, akatema bazoka aliyokuwa anatafuna. Mshale haukushtuka.

"Mnaondoa mtu au mnaondoka?" mpishi mkuu aliuliza.

Dakika Moja alianza kumtazama dereva wa foko, ambaye ni mwembamba, kama kwamba ndiye atakayeondolewa. Hapo mke wangu akaweka ndoo chini.

"Dakika moja, msimamizi," alisema, na watu wakaangua kicheko. "Ukimtoa huyu mtabaki watano. Mtoe Kontena, mtakuwa saba."

"Saba kivipi, Shemeji?"

Alinishika mkono tukapanda kwenye mizani, mimi kwanza, yeye nyuma yangu. Mshale uliyumba, ukarudi, ukasimama unywele mmoja kabla ya mia sita. Mpishi mkuu aliinama kuusoma, akainuka.

"Wamepita," alisema.

Dakika Moja alifungua mdomo, akahesabu watu kwa kidole, akahesabu tena. Akakubali shingo upande. Kontena alikuwa ameshaichukua ndoo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesamehewa kifungo. Alininong'oneza kwamba hata hivyo kamba zinamtia hofu.

Mvuto wa kwanza wapishi wa sabuni walituburuza. Sitaficha. Walikuwa watu sita wanaokoroga mapipa siku nzima, mikono yao ni ya kuogopwa, na sisi tulivuta kila mtu kivyake. Niliwasikia watu wakisema Nanga amekwisha. Wa pili, mke wangu aliyekuwa mbele yangu alianza kuita. Hakuita kwa kelele, aliita kama anavyonihesabia uani: chimba, pumua, sogea. Dereva wa foko akamsikia, kisha Dakika Moja, kisha wote. Tukawasogeza kidogo kidogo, kama kabati zito linavyosogezwa ukutani, tukaupata.

Wa tatu ulikuwa mrefu. Kamba ilikaza ikasimama, hakuna anayekwenda. Mimi wa zamani ningekuwa nimeshazima hapo, maana pumzi zangu zilikuwa za mvuto mmoja tu, tukishindwa kushinda haraka tumeshindwa. Sasa nilichimba kisigino nikavuta hewa, ikaingia yote, ikafika chini kabisa. Mapaja yaliwaka moto lakini yalikuwepo. Nilitazama kisogo cha mke wangu, utepe wa kofia umelowa jasho, nikasikia upande wa pili wanaanza kubana pumzi. Mmoja akaachia kisigino. Halafu mwingine. "Sogea," alisema mke wangu, nasi tukasogea, na tukaendelea kusogea mpaka mpishi mkuu akapuliza filimbi, tukaanguka wote chali.

Sijui nani alianza kuita. Nilisikia "Nanga! Nanga!" nikainua mkono, halafu nikaona hawanitazami mimi tu. Dakika Moja alikuwa analia machozi waziwazi, anamwambia mke wangu, "Shemeji, kwa nini hukusema?" Mke wangu akamjibu kwamba leo amesema.

Furaha ikanipanda kichwani. Nikainama nikamwambia mama watoto, panda mgongoni, leo nakubeba mbele ya hawa wafua maovaroli. Akakataa, akaona haya, akapanda. Watu wakapiga makofi. Nilitaka kuuzunguka uwanja mzima.

Sikufika mbali. Mabega yalianza kuvutwa nyuma. Pumzi zikafupika. Kisha magoti yakaanza kulia, kilio kile kile, na mwili wangu wote ukaujua uzito ule. Haukuwa mgeni. Ulikuwa ule ule niliopanda nao ngazi kila jioni nikijifanya natafuta funguo, niliolala nao, nilioamka nao. Nilikuwa nimembeba mtu mzima mchana na usiku, miaka na miaka, na nikashangaa kwa nini nimechoka.

"Vipi?" mke wangu aliuliza sikioni. "Unaumwa?"

"Hapana," nilisema. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. "Asante, mama watoto. Asante sana."

Nikachuchumaa taratibu, nikamshusha, miguu yake ikagusa chini. Uzito wote ukaondoka. Nikasimama wima, nikavuta pumzi, nikamshika mkono, na uwanja uliobaki tukauzunguka tukitembea.